Lami ya epoksi: je, itayaweza malori ya Kasumbalesa?

LUBUMBASHI – Barabara ya Taifa namba 1 kati ya Lubumbashi na mpaka wa Zambia huko Kasumbalesa ina urefu wa kilomita 90 hivi. Ndiyo njia kuu ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi, na ndiyo inayoingiza mafuta, unga na asidi ya salfuriki ya viwandani. Malori yakiwa mwendoni, lami huvumilia. Yanaposimama ndipo taabu inapoanza.

Foleni ya mpakani inaweza kudumu siku kadhaa. Lori lenye shehena ya shaba husimama palepale, jua likiwaka na dizeli ikidondoka. Joto huilainisha lami, dizeli huiyeyusha, magurudumu yanachimba mifereji. Mvua za Novemba zikifika, maji hutuama humo na mfereji unakuwa shimo.

Dawa moja ya tatizo hilo ilibuniwa na kampuni ya Shell katika miaka ya 1950, kwa ajili ya viwanja vya ndege vilivyoharibiwa na mafuta na joto la injini. Ni lami iliyochanganywa na epoksi, jamaa ya ile gundi ya mirija miwili ambayo mafundi huichanganya kabla ya kuitumia. Mwaka 1967 iliwekwa kwenye daraja la San Mateo-Hayward, California, ikadumu zaidi ya miaka 40.

Lami ya kawaida ina tabia ya mawese: asubuhi ya baridi ya Juni huganda chupani, jua likipanda yanayeyuka. Lami ya epoksi ni kama yai. Likishachemshwa, halirudi kuwa ute, hata ulipashe moto tena.

Ugumu wake uko kwenye kukomaa. Dawa mbili zikishakutana, saa imeanza kuhesabu. Mchanganyiko ukichelewa njiani huganda ndani ya lori. Ukiwahi kumwagwa na kushindiliwa kabla ya wakati, haushikani vizuri. Hata baada ya magari kuruhusiwa kupita, nguvu yake huendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa, haraka kwenye joto na polepole kwenye baridi. Unyevu ukinaswa chini yake, hutokeza malengelenge.

Hapo kalenda ya Katanga inaleta mtego. Kazi za barabara hufanywa kiangazi, lakini usiku wa Juni na Julai hapa ni wa baridi kali. Kipindi cha mvua kina joto la kutosha, ila kila kitu kimelowa. Kinachobaki ni Septemba na Oktoba, kukiwa na joto na bado kukavu. Miezi miwili si mingi kwa nchi ambayo fedha za kazi mara nyingi huchelewa.

Bei nayo ni kubwa mno kuliko ya lami ya kawaida. New Zealand, iliyoanza kuijaribu barabarani mwaka 2007, ilipunguza gharama kwa kuchanganya robo tu ya lami ya epoksi na robo tatu za lami ya kawaida.

Kwa hiyo kuitandaza kilomita zote 90 itakuwa kutupa pesa, hasa palipo na msingi dhaifu au mitaro iliyoziba. Epoksi haiokoi udongo uliolowa. Mahali pake ni pale malori yanaposimama: kwenye mizani, kwenye vituo vya ushuru wa barabara, na mita mia chache za mwisho kabla ya kizuizi cha mpaka.