Mwandiko wa Mtoto: Baada ya Udongo, Penseli

Mtoto wa darasa la pili anajua jibu. Akiulizwa kwa mdomo hulitoa bila kusita. Akipewa penseli, herufi hupanda na kushuka, karatasi hutoboka, na kengele ya mapumziko humkuta angali katika sentensi ya kwanza. Huitwa mvivu. Wengine huchapwa, jambo ambalo halijapata kunyoosha mwandiko wa mtu.

Kuandika ni kazi ya mwili. Kiwiliwili na bega hutuliza mkono, macho huongoza, nayo hisi iliyomo katika misuli na viungo humjulisha mtoto akandamize kwa nguvu kiasi gani. Hisi hiyo ikiwa hafifu, hubana penseli mpaka vidole vikauma. Ndiyo sababu watoa tiba kwa vitendo humpa mtoto kazi ya kukanda unga, kufinyanga udongo, kubana vibanio vya nguo, au kutembea kwa mikono huku mwenzake amemshika miguu.

Mazoezi hayo yasipewe sifa yasizostahili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 38, wenye umri wa miaka 6 hadi 11, waliokuwa na matatizo ya mwandiko. Kwa majuma 5, mara 4 kila juma, kundi moja lilifanya mazoezi ya hisi na viungo, na jingine lilijizoeza kuandika kwa kuelekezwa. Kundi la kwanza liliimarika katika baadhi ya hisi na viungo, lakini mwandiko wake ulizorota. Lililoandika ndilo lililoendelea. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 yaliona vivyo hivyo, na kutaja kiwango cha chini: vipindi 2 kwa juma, 20 kwa jumla.

Basi udongo uwe wa dakika chache za kuamsha mkono, kisha penseli ishikwe. Miguu ikanyage chini; dawati likiwa refu, tofali chini ya nyayo latosha. Kipande kifupi cha penseli husaidia vidole vitatu kukaa mahali pake. Mtoto aandike herufi chache, kisha achague mwenyewe iliyo nzuri kuliko zote.

Macho yapimwe kwanza. Na mtoto aliyekuwa akiandika vizuri kisha mkono ukalegea, au anayeanza kujikwaa na kuanguka, hahitaji mazoezi ya mwandiko bali daktari, tena bila kuchelewa.