Kwa Nini Dawa Haimuui Bakteria wa Kwenye Mpira wa Mkojo

Pseudomonas aeruginosa ni bakteria anayependa mahali penye majimaji: udongo mbichi, mitaro, mabomba ya sinki. Mtu mwenye afya njema kwa kawaida hamdhuru. Hospitalini humvamia aliyeungua moto, aliyewekewa mashine ya kupumulia na aliye na mpira wa mkojo, na akishashika makazi, dawa nyingi hazimwezi. Usugu huo una vyanzo kadhaa. Viwili vinavyosaidiana sana ni pampu zilizomo mwilini mwake na ute anaojifunika pamoja na wenzake.

Zamani ilidhaniwa kwamba bakteria sugu kwa tetrasaiklini huizuia tu dawa isiingie. Mwaka 1980 Laura McMurry, Stuart Levy na wenzao nchini Marekani walionyesha, kwa kuwachunguza bakteria wa E. coli, kwamba dawa huingia kisha hutolewa nje kwa nguvu. Pampu kuu ya Pseudomonas, iitwayo MexAB-OprM, ina sehemu tatu. MexB imekaa kwenye utando wa ndani na ndiyo inayoikamata dawa. OprM ni bomba linalopenya utando wa nje. MexA huziunganisha hizo mbili. Nguvu ya kuiendesha hutokana na protoni zinazorudi ndani ya seli.

Pampu hii haichagui sana. Hutoa siprofloksasini, tetrasaiklini, kloramfenikoli, meropenemu na jamaa wengi wa penisilini. Kwa kawaida jeni iitwayo mexR huidhibiti isizidi idadi. Jeni hiyo ikiharibika, pampu huongezeka, na hapo ndipo penye hatari inayosahaulika mara nyingi: mgonjwa aliyetibiwa kwa siprofloksasini anaweza kubaki na bakteria ambao hata meropenemu, dawa asiyowahi kuigusa, imepungua makali kwao. Hata hivyo pampu peke yake ni kama baharia anayefua maji chomboni: hufaulu iwapo maji yanatoka upesi kuliko yanavyoingia. Utando wa nje wa Pseudomonas huipitisha dawa polepole mno, na ndiyo maana pampu zake zinamudu.

Kinga ya pili ni bayofilmu, yaani makazi ya bakteria walioshikamana juu ya kitu na kujifunika ute wao wenyewe. Mpira wa mkojo unawafaa sana. Baada ya kuwekwa, protini za mwilini huupaka, bakteria hujibandika, huzaana na kutoa ute wa sukari ndefu, protini na DNA. Mpira ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, huonekana tabaka zito lililoambaa ukutani. Kila siku mpira unapobaki, asilimia 3 hadi 7 hivi ya wagonjwa hupata bakteria kwenye mkojo.

Ute haufungi njia kwa dawa zote. Siprofloksasini hupenya upesi. Tobramaisini, yenye chaji chanya, hunaswa na DNA na sukari za ute na kucheleweshwa. Kinachowaokoa bakteria zaidi ni maisha ya tabaka za chini, ambako oksijeni na chakula ni haba. Huko hukua taratibu mno, na dawa za jamii ya penisilini huua seli inayojenga ukuta wake, isiyojenga husalimika. Wachache hulala kabisa, na dozi ikiisha huamka na kuanza upya. Zaidi ya hayo, baadhi ya pampu hufanya kazi zaidi ndani ya bayofilmu kuliko nje.

Kwa hiyo jibu la maabara linaweza kumpotosha daktari. Kipimo cha kawaida hupima bakteria waliooteshwa huru, wakiwa wanakua kwa kasi. Karatasi huandikwa kwamba dawa inawaua, ilhali wale wa kwenye mpira huenda wakahitaji dawa mara 10 hadi 1,000 zaidi, kiasi ambacho mwili wa mgonjwa hauwezi kukihimili. Kuongeza dozi au kubadilisha dawa huku mpira ule ule ukibaki ni kuwapa bakteria muda wa kuzoea.

Dawa za kuziba pampu zimejaribiwa maabara kwa miaka mingi. Nyingi zilikwama kwa sababu ya sumu, na hakuna iliyoidhinishwa kutumika kwa wagonjwa dhidi ya bakteria hawa. Kinachofaa kwa sasa ni kuutoa mpira mara tu usipohitajika. Ukihitajika bado na umekaa zaidi ya wiki 2, huwekwa mpya, na mkojo wa kupimwa huchukuliwa kwenye huo mpya.