Maji ya ziwa yamegeuka kijani? Hivi ndivyo utajua kama ni mwani au bakteria wenye sumu

Wakazi wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, wameshazoea kuona maji yakigeuka kijani. Wengi huita yote mwani, basi. Lakini kijani si kimoja.

Kuna mwani halisi wa kijani, ambao ni chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na samaki. Halafu kuna sayanobakteria: kwa macho ni kama mwani, kumbe ni bakteria. Baadhi yao, kama Microcystis, hutoa sumu inayoharibu ini la binadamu na mifugo. Na usidanganyike, kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo.

Sasa utawatofautisha vipi?

Kwanza, kijiti. Vaa glavu, kichovye majini. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huenda ni mwani wa kijani, mfano Spirogyra. Kikitoka kama kimechovywa kwenye kopo la rangi, shuku sayanobakteria.

Pili, chupa. Chota maji kwenye chupa ya kioo, funika, iache usiku kucha bila kuitikisa. Sayanobakteria wengi wana vifuko vya hewa, hivyo huelea na kufanya utando juu. Mwani wa kijani mara nyingi huzama au hubaki umetawanyika.

Tatu, hadubini. Hapa ndipo siri inapofichuka. Ndani ya seli ya mwani, rangi ya kijani hukaa kwenye sehemu maalumu iitwayo kloroplasti. Ya Spirogyra ni utepe uliojizungusha kama springi. Scenedesmus ni seli chache, mara nyingi 4 au 8, zilizojipanga bega kwa bega. Pediastrum ni kama gurudumu lenye meno, na Volvox ni mpira unaobingirika. Sayanobakteria hawana kloroplasti. Rangi imesambaa tu kwenye seli.

Bado una shaka? Weka tone la iodini. Mwani wa kijani huhifadhi wanga, kwa hiyo hugeuka bluu-nyeusi. Sayanobakteria hawageuki hivyo.

Kumbuka, vipimo hivi havipimi sumu yenyewe. Hiyo ni kazi ya maabara. Kabla ya majibu, usinywe maji hayo, usiogelee, wala usinyweshe ng'ombe.