Toyama: Maji Yanayopanda Mlima na Kurudi Baharini

Mkoa wa Toyama, katika kisiwa cha Honshu nchini Japani, uko karibu kwenye latitudo moja na jiji la Tunis. Ukitazama ramani peke yake utatarajia nchi ya jua na zabibu. Lakini katikati ya Aprili, maua ya micheri yakiwa yanapukutika mabondeni, mabasi hupanda safu ya milima ya Tateyama yakipita kati ya kuta mbili za theluji ambazo katika mwaka wa theluji nyingi hukaribia kimo cha mita 20. Abiria hushuka, huzigusa kwa viganja, hupiga picha, kisha huendelea na safari. Swali linalostahili kuulizwa pale ni la kitoto: theluji yote hii imetoka wapi?

Imetoka baharini, na itarudi baharini. Toyama ina vilele vinavyovuka mita 3,000, na mbele yake kuna ghuba yenye kina cha zaidi ya mita 1,000, na kati ya viwili hivyo ni mwendo mfupi kwa gari. Ni mahali pachache sana duniani ambapo maji hupewa ngazi ndefu hivyo katika eneo dogo hivyo. Kuta za Aprili, maporomoko ya Juni, majani mekundu ya Oktoba, mwanga wa buluu ufukweni usiku wa masika: mgeni huonyeshwa vitu hivi kama vivutio mbalimbali, kila kimoja na tiketi yake. Mimi naviona kuwa safari moja ya maji, na anayeijua safari hiyo huona mengi zaidi kuliko aliyekuja kukusanya picha.

Tuanze na upepo. Miezi ya Desemba na Januari bara la Asia hupoa haraka kuliko bahari zinazolizunguka. Hewa baridi ni nzito, nayo hutengeneza mgandamizo mkubwa juu ya nchi kavu, kisha humwagika kuelekea baharini. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunalijua jambo hili bila kulisoma, maana kupoa huko kwa Asia ndiko kunakotuletea kaskazi, upepo uliosukuma majahazi kutoka Oman na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Upande wa Japani upepo wa namna hiyo huja kutoka kaskazini-magharibi, Siberia, ukiwa mkavu na chini kabisa ya nyuzi sifuri. Ungefika Honshu ukiwa hivyo, usingeleta chochote ila baridi. Lakini njiani hukutana na Bahari ya Japani.

Ndani ya bahari hiyo hupita mkondo wa Tsushima, tawi la mkondo mkuu wa Kuroshio, unaoleta maji ya vuguvugu kutoka kusini. Hewa iliyoganda inapopita juu ya maji hayo, bahari hufuka kama sufuria ya uji asubuhi ya baridi. Hewa hujaa unyevu na joto, hupanda, na kuwa mistari mirefu ya mawingu ambayo katika picha za setilaiti huonekana ikivuka bahari nzima. Kisha huigonga milima. Hulazimika kupanda, hupoa, na humwaga mzigo wake wote upande huu wa safu. Ikivuka ng'ambo imeshakauka, na ndiyo sababu Tokyo hupata majira ya baridi yenye jua na anga safi wakati watu wa Toyama wanakwangua theluji mapaani.

Kituo cha Murodo kiko mita 2,450 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya kitalii ya Tateyama Kurobe iliyofunguliwa yote mwaka 1971. Theluji iliyotua pale kwa kawaida huwa na kina cha mita sita au saba hivi ifikapo Aprili. Ukuta wenyewe huizidi kwa sababu barabara inapita mahali ambapo upepo hupunguza nguvu na kuangusha ulichobeba, basi theluji hurundikana. Kabla ya ufunguzi, tingatinga hutangulia kuitafuta barabara iliyofukiwa kwa kuongozwa na setilaiti, na mashine nyingine hufuata zikikata na kurusha theluji pembeni.

Ukisimama karibu na ukuta, usiangalie kimo tu. Angalia mistari. Kila dhoruba imeacha tabaka lake. Kuna tabaka gumu la barafu, alama ya siku ya joto ambapo uso uliyeyuka ukaganda tena. Kuna mstari wa rangi ya udongo: huo ni mchanga laini uliopeperushwa kutoka majangwa ya Gobi na Taklamakan, ukavuka China na bahari, ukatua hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toyama huchimba mashimo katika theluji ya Murodo na kupima vumbi na kemikali zilizomo tabaka kwa tabaka. Kwao ukuta huu ni kumbukumbu ya hewa ya Asia ya majira mazima, na sioni kwa nini mgeni asielezwe hivyo pale pale anapopiga picha.

Si theluji yote inayoyeyuka. Kwa miaka mingi vitabu vilisema Japani haina barafuto, yaani barafu nene ya mlimani inayojisogeza kwa uzito wake. Wataalamu wa Jumba la Makumbusho la Tateyama Caldera Sabo walipima kwa rada na vifaa vya setilaiti, wakakuta barafu yenye unene wa makumi ya mita katika mabonde yenye kivuli, nayo inatembea. Mwaka 2012 barafu za Gozenzawa, Sannomado na Komado zikatambuliwa rasmi kuwa barafuto. Hazikuzaliwa na kimo, kwa kuwa kilele cha juu kabisa hapa ni mita 3,015 tu. Zinaishi kwa wingi wa theluji, pamoja na maporomoko ya theluji yanayoongeza rundo bondeni kila mwaka. Kwenye vichaka vifupi vya maeneo hayo anaishi raicho, ndege wa jamii ya kwale aliyebaki juu ya milima baada ya enzi ya barafu kwisha mabondeni. Majira ya baridi huwa mweupe kabisa, kiangazi huwa wa madoadoa ya hudhurungi. Japani ni ncha ya kusini ya makazi ya aina yake duniani, na waliobaki nchini humo hukadiriwa kuwa 2,000 hivi.

Juni inapofika, maji huanza kushuka kwa kishindo. Uwanda wa Midagahara, uliojengwa na volkano na kuwekwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2012, hukusanya maji ya theluji na kuyatupa kwenye Maporomoko ya Shomyo, ambayo kwa mita 350 ndiyo marefu kuliko yote Japani. Wakati wa kuyeyuka hujitokeza jirani yake maporomoko mengine, Hannoki, ya mita 500 hivi, lakini hayahesabiwi katika ushindani huo kwa kuwa hukauka theluji ikiisha. Ukitaka kuyaona yote mawili yakikutana chini kwa pamoja, nenda mapema. Anayefika Septemba hukuta moja.

Maji hayo si ya kupendezewa tu. Mto Joganji hushuka karibu mita 3,000 ndani ya kilomita 56 tu. Mwaka 1858 tetemeko la ardhi liliangusha mlima wa Tombi. Kifusi kiliziba mto, kisha maji yakaupasua ukingo huo na kuishukia nchi tambarare. Mhandisi Mholanzi Johannis de Rijke aliletwa kuutengeneza mto huo mwaka 1891. Hadi leo sehemu kubwa ya kifusi kile ipo juu, imezuiliwa na mlolongo wa kuta zikiwemo za Shiraiwa zilizokamilika mwaka 1939, na kazi ya kuzijenga na kuzitunza haijasimama. Upande wa pili wa safu liko bwawa la Kurobe, lenye ukuta wa mita 186, refu kuliko yote nchini. Lilikamilika mwaka 1963, na watu 171 walipoteza maisha katika ujenzi wake. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Oktoba maji hufunguliwa ili watalii waone upinde wa mvua. Pana mnara wa kuwakumbuka waliokufa, na ni haki yao mtu akipita hapo kwanza.

Tuingie sasa bonde la mto Sho, magharibi mwa mkoa. Hapa theluji haikutazamwa. Watu waliishi chini yake. Vijiji vya Ainokura na Suganuma vya Gokayama, pamoja na Ogimachi ya Shirakawa-go iliyo juu zaidi kwenye mto huo huo katika mkoa wa Gifu, viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Nyumba zake zina mapaa ya nyasi yaliyosimama kwa pembe ya nyuzi 60 hivi ili theluji iteleze badala ya kulalia. Fremu ya paa haina misumari. Imefungwa kwa kamba na fito mbichi zilizopindwa, na ncha za chini za nguzo za paa zimechongwa zikakaa ndani ya vishimo vya boriti. Upepo au uzito wa theluji ukija, paa lote hulegea kidogo na kurudi. Fremu iliyokazwa kwa misumari ingepasuka.

Chini, moto wa jikoni uliwaka sakafuni mwaka mzima, na moshi wake ukapanda darini ukizikausha nyasi na kamba na kuwafukuza wadudu. Darini walifugwa viwavi wa hariri. Na chini ya sakafu, karibu na joto la moto, wanakijiji wa Gokayama walitengeneza shura kwa ajili ya baruti ya watawala wa Kaga. Walichimba shimo, wakapanga udongo, majani ya porini na kinyesi cha viwavi, wakaacha miaka kadhaa. Bakteria wa udongoni waligeuza naitrojeni ya mchanganyiko ule kuwa naitreti. Kisha watu waliichuja kwa maji, wakaongeza majivu na kuchemsha hadi chumvi ikaganda. Bonde ambalo theluji ililifunga miezi mingi lilifaa sana kwa siri kama hiyo. Biashara ilikufa katika enzi ya Meiji, shura ya bei nafuu ilipoanza kuingia kutoka nje.

Paa moja hudumu miaka 30 hadi 40. Kuliezeka upya ni kazi ya ujima: mamia ya mikono, siku moja au mbili, na deni linalokumbukwa hadi paa la jirani lifikiwe. Mgeni anayetembea Ogimachi usiku wa Februari akiona taa na theluji aelewe kwamba watu wanalala ndani. Milango ya nyumba hizo si mapambo, na kuisukuma bila hodi ni utovu wa adabu kule kama ilivyo kwetu.

Vuli huteremka mlimani. Rangi huanza Murodo mwishoni mwa Septemba na kufika mabonde ya chini Novemba. Siku zikifupika, jani huvunja klorofili yake na kurudisha virutubisho ndani ya mti. Njano ya karotenoidi iliyokuwepo tangu mwanzo ikaonekana. Nyekundu ni mpya. Sukari iliyonaswa katika jani linalofungiwa njia hutumika kutengeneza anthosiani, na siku za jua zenye usiku wa baridi huizidisha. Ndiyo maana miaka haifanani, na anayekupa tarehe kamili ya rangi kileleni anakisia.

Katika tambarare ya Tonami, mto Sho umetandaza udongo wake, na nyumba zimesimama mbalimbali, kila moja na kichaka chake cha kukinga upepo. Kilimo cha vitunguu vya tulipu kilianza hapa mwaka 1918, katika majaruba yanayobaki matupu baada ya mavuno ya mpunga. Kitunguu hicho huhitaji baridi ndefu ili kichanue, lakini baridi isiyokikausha. Blanketi la theluji humpa mkulima vyote viwili bure. Mwanzoni mwa Mei majaruba yaliyobaki hujazwa maji ya theluji kwa kupanda mpunga, na tambarare nzima huakisi anga.

Kisha ghuba. Sehemu ya maji ya milimani hupita chini ya ardhi na kuibuka kama chemchemi kwenye sakafu ya bahari, yakibeba virutubisho. Mteremko wa chini ya maji uko karibu mno na ufuo, basi viumbe vya kilindini hufika karibu na bandari. Maarufu kuliko wote ni ngisi wa hotaruika, mwenye urefu wa sentimita saba hivi, aliyepewa jina hilo na mwanazuolojia Watase Shozaburo mwaka 1905. Mchana huwa mita 200 hadi 600 chini. Usiku wa Machi hadi Mei majike hupanda kutaga mayai karibu na pwani ya Namerikawa, na wavuvi huwavuta alfajiri katika nyavu zilizotegwa, bahari ikiwaka buluu.

Mwanga huo ni kemia ya lusiferini ndani ya mwili wake. Tumboni ana mamia ya viungo vidogo vya mwanga vinavyofifisha kivuli chake, ili adui aliye chini akitazama juu asimtofautishe na nuru hafifu ya anga. Ncha za mikono miwili zina viungo vikali zaidi, vinavyowaka akiguswa. Macho yake yana rangi tatu za kunasa nuru, jambo la nadra kwa jamii ya ngisi, hivyo huenda anatofautisha mwanga wa mwenzake na ule wa anga. Eneo la bahari wanakokusanyika lilitangazwa kuwa kumbukumbu maalumu ya asili mwaka 1952.

Joto la dunia linaigusa safari hii kwa namna isiyotarajiwa. Bahari ya Japani ikipata joto, hutoa mvuke mwingi zaidi, si mchache. Pwani, mvuke huo huelekea kunyesha kama mvua. Mlimani juu, ambako bado ni baridi vya kutosha, mahesabu ya watafiti wa hali ya hewa wa Japani yanaonyesha kwamba dhoruba moja moja za theluji zinaweza kuwa nzito kuliko zamani hata kama jumla ya majira inapungua. Kwa hiyo kuta za Tateyama zinaweza kuendelea kuwapendeza watalii katika baadhi ya miaka, huku theluji ya vijiji na mashamba ikipungua, na iliyobaki ikiyeyuka mapema kabla majaruba ya Tonami hayajawa tayari kuipokea.