Nitrasi Oksaidi katika Injini: Mtego wa Neno “Gesi”

Mji wa Mwanza umekaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyosukumiwa hewa hupungukiwa na nguvu kiasi cha sehemu moja katika kumi. Pengo hilo laweza kuzibwa kwa nitrasi oksaidi, ambayo hospitalini hutuliza maumivu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliitia katika ndege zilizoruka juu sana, penye hewa haba.

Lakini neno “gesi” lina mtego. Msikiaji hudhani ni kitu cha kuwaka, kama ile iendeshayo baadhi ya magari ya Dar es Salaam. Kumbe hii yenyewe haiwaki. Katika joto la silinda huvunjika na kuacha oksijeni, nayo oksijeni hudai petroli zaidi. Aifunguliaye bila kuongeza petroli huyeyusha pistoni. Jina “pumzi” lingalifaa zaidi.

Injini ya kiwandani, isiyobadilishwa, huvumilia kiasi kidogo tu, tena wakati pedali imekanyagwa mpaka mwisho na injini yazunguka kwa kasi. Cheche ya plagi hucheleweshwa kidogo, na petroli huchaguliwa ile isiyolipuka kabla ya wakati. Mtungi nao usiachwe juani: joto huzidisha shinikizo lake, na kiasi kilichopimwa asubuhi sicho kitakachotoka adhuhuri.