Vumbi ndani ya nyumba: kichujio kinafanya nini, na hakifanyi nini

Ndugu wanakoperative, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, na makamyo ya madini yanapita mchana na usiku. Mezani, kitandani, hata kwenye sahani za bukari: vumbi.

Hapa Kolwezi vumbi haiko uchafu tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao katika mtaa wa Kasulo, mahali watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, zaidi sana kwa watoto. Mtoto anatambaa chini, anatia mikono mdomoni. Ndiyo maana tunaanza na sakafu.

Usifagie pakavu. Ufagio unarusha vumbi laini, na linakaa hewani muda mrefu. Panguza kwa kitambaa chenye maji, na maji yale usimwage kwenye lengalenga. Nguo na viatu vya mgodini vibaki nje.

Wenye klima: nyuma ya kifuniko kuko wavu, ndiyo kichujio. Kila wiki mbili za kiangazi kata umeme, toa wavu, osha kwa maji na sabuni kidogo, anika kivulini, rudisha ukiisha kukauka kabisa. Wavu ukijaa, hewa inapita kwa shida na umeme unaliwa bure. Lakini wavu ule unashika vumbi nene tu. Vumbi laini linahitaji kichujio cha HEPA, kinachoshika 99.97 kwa mia ya chembe za mikroni 0.3. Cha kawaida hakioshwi, kikijaa, kinabadilishwa.

Wasio na klima: neti ya dirisha inazuia mbu, vumbi laini linapita. Panda ua mnene upande wa barabara. Majani yatashika sehemu ya vumbi. Kwa hiyo majani yale msile, wala msipe mbuzi.

Tena tusisahau mbabula. Wavu wala HEPA haushiki gesi ya makala. Haina harufu, na inaua watu usingizini. Hata usiku wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, hata makala ikionekana imezimika, mbabula ilale nje.