Nyumba za Kambini: Makazi ya Wachuma Chai wa Kimulot

Wengi wetu wa Pwani huijua Kericho kwa paketi ya majani iliyo jikoni, na mawazo yetu hayaendi mbali zaidi ya hapo. Huchemshwa, hutiwa iliki na tangawizi, ikanywewa na mahamri, na mchumaji wake hatumfikirii. Basi leo tupande naye hadi anakolala.

Kimulot iko kusini mashariki ya mji wa Kericho, katika jimbo la Konoin, Kaunti ya Bomet. Ni nchi ya vilima vilivyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kandokando ya msitu wa Mau. Asubuhi huwa baridi na ukungu; alasiri mvua hunyesha takriban kila siku, na mara nyingine huja mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai kwa dakika chache. Udongo ni mwekundu, wenye kina. Mchai haupendi jua kali wala ukame, na hapa hauvipati.

Anayepita njia ya huko ataona aina mbili za makazi, mara nyingine zikitenganishwa na barabara tu. Upande mmoja ni miji ya wakulima wadogo: nyumba ya mbao au tofali, ng'ombe mmoja au wawili, migomba, na kishamba cha chai kinachoanzia mlangoni. Hao huuza majani yao kwa viwanda vya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 ili Mwafrika naye alime chai. Upande wa pili ni shamba la kampuni, kijani kibichi kisicho na mwisho, na katikati yake safu za nyumba ndogo zinazofanana kama shanga. Wenyewe huziita kambi, au laini. Zile za zamani zilikuwa za msonge, zimepakwa chokaa; za baadaye ni za pembe nne na mabati. Kambi huwa na bomba la maji, zahanati, shule ya msingi, na uwanja wa mpira. Wakazi wake ni Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya, na watoto waliozaliwa hapo.

Mpango huu wa nyumba haukubuniwa Kericho. Kampuni ya James Finlay ilianzishwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1750, ikifanya biashara ya pamba kabla ya chai. Mwaka 1808 ilinunua kiwanda cha nyuzi cha Deanston, kando ya mto Teith, karibu na mji mdogo wa Doune. Mto uliendesha magurudumu makubwa, na kwa kuwa mahali palikuwa mbali na mji mkubwa, ilibidi wafanyakazi wajengewe. Zikainuka nyumba za mawe zilizoshikana, safu baada ya safu, nazo safu hizo zikaitwa Divisheni: ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1925, kampuni hiyohiyo iliingia Kericho kwa jina la African Highlands, na fikra ileile ikaota upya kwenye udongo mwekundu. Hata leo shamba la chai hugawanywa kwa divisheni.

Tofauti ni kwamba hapa ardhi ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kizungu waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Kilimo hicho kilianguka, na sehemu ya ardhi ikaishia mikononi mwa makampuni ya chai badala ya kurudi kwa wenyewe. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mpaka leo madai hayo hayajakwisha.

Sisi wa Pwani tunayo mazoea yetu ya makazi yasiyokamilika. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, mtu hujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine na kulipa kodi ya kiwanja. Ukuta ni wake, mchanga si wake. Mchuma chai wa kambini hana hata huo ukuta. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au posho ya nyumba, lakini nyumba hiyo imefungwa na kazi. Kazi ikikoma, funguo hurudishwa. Mama aliyelea watoto watano katika chumba kile huondoka na masanduku yake. Mwenye kipande cha ardhi kwao hurudi kwao. Asiye nacho hutafuta chumba cha kupanga kwenye vituo vya soko vilivyo karibu.

Na kazi zenyewe zinapungua. Mashine ya kuchuma hufanya kazi ya watu wengi, na wengi wa wanaoachwa ni wanawake. Mwezi Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto huko Kericho katika maandamano. Mwaka huohuo ikatangazwa kwamba mashamba ya Finlay yanauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mwenye nyumba akabadilika, na mpangaji hakuulizwa.

Afadhali tusidhani kwamba ng'ambo ya barabara, kwa wakulima wadogo, mambo yote ni shwari. Huko mama ndiye achumaye, lakini hati ya shamba huwa mara nyingi kwa jina la mume, jambo ambalo akina mama wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa.

Kule Deanston kiwanda cha nyuzi kilifungwa mwaka 1965. Jengo likageuzwa mtambo wa pombe kali, na mto uleule sasa hutumiwa kwa kazi hiyo. Lakini safu za mawe zingalipo, mapazia yamening'inia madirishani na watu wanaishi ndani. Kijiji kimeishi kuliko kiwanda kilichokizaa. Kambi za Kimulot bado hazijaruhusiwa kujaribu.